Jinsi ya kuisukuma kaunti itake majengo mapya ya Malindi yatumie umeme pekee

Mwongozo huu ni wa wakaazi wa Malindi, Watamu na Mambrui wanaotaka Kaunti ya Kilifi iweke sharti moja: jengo jipya lipikie na lipashe maji kwa umeme, bila bomba la gesi ukutani, bila boila ya dizeli wala ya kuni. Watu wa Lamu wanaweza kuufuata pia, panapotofautiana pametajwa.

Kwanza amueni mnachoomba

Kikundi kinachoanza kwa kusema "gesi ipigwe marufuku" kimeshindwa kabla hakijaondoka nyumbani. Mama aliyehangaika na moshi wa makaa miaka mingi, mwisho akapata mtungi wa kilo 6, ataelewa kwamba mnamrudisha nyuma, na ana haki kukasirika. Mtungi unaobebwa si sehemu ya jengo. Uacheni.

Ombeni kitu kinachogusa jengo lenyewe na wakati wake wa kuchorwa: mabomba ya gesi yanayofukiwa ukutani, tangi la gesi la pamoja la nyumba za kupangisha, boila ya hoteli, na upande wa pili nyaya, brekeri na hita vinavyotakiwa viwepo siku mtu anahamia. Hivyo vyote huonekana kwenye ramani ya jengo, na ramani haipiti bila kibali cha kaunti. Hapo ndipo kaunti ina nguvu. Jikoni mwa mtu haina, wala haifai iwe nayo.

Hatua ya 1: Fanyeni hesabu ya gesi na umeme kwa kalamu

Hoja ya tabianchi nchini Kenya ni nzito kuliko katika nchi nyingi, kwa sababu karibu asilimia 90 ya umeme wa gridi hutoka kwenye vyanzo visivyochoma mafuta: joto la ardhini la Olkaria, mabwawa ya mto Tana, upepo wa Turkana wenye mitambo ya megawati 310, na jua. Mtambo mmoja wa jua uko hapa hapa, Langobaya, nyuma ya mji wa Malindi. Unalisha gridi megawati 40.

Sasa hesabu. Kilo 1 ya gesi ina nishati ya takriban uniti 12.8. Mtungi wa kilo 13 ni kama uniti 166. Lakini jiko la gesi hupeleka nusu hivi tu ya joto lake ndani ya sufuria. Nusu nyingine inapasha jikoni. Jiko la induksheni, la umeme linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, hupeleka karibu asilimia 85. Kwa hivyo mtungi wa kilo 13 unalingana na uniti 100 za umeme, na ule wa kilo 6 na uniti 46 hivi. Shikeni namba hizi kichwani, zitaulizwa kila kikao.

Kwa upande wa hewa ya ukaa: kilo 1 ya gesi ikiungua hutoa takriban kilo 3. Mtungi wa kilo 13 unatoa kilo 39. Zile uniti 100 za gridi, tukichukulia 10 zimetoka kwenye mitambo ya mafuta inayotoa kilo 0.7 kwa uniti, ni kilo 7. Mkiongeza umeme unaopotea njiani, ambao Kenya ni zaidi ya sehemu moja kwa tano, bado hazifiki kilo 10. Ni robo ya ile ya gesi. Boila ya dizeli ya hoteli ina tofauti kubwa zaidi.

Kuhusu pesa, msichukue bei kutoka gazetini. Kila mmoja alete risiti yake ya tokeni, agawanye shilingi alizolipa kwa uniti alizopata, azidishe kwa 100, alinganishe na bei ya kujaza mtungi dukani kwake. Jibu halifanani. Aliye chini ya uniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa. Kati ya 30 na 100 bei ya kati. Akivuka 100 kila uniti inapanda. Familia inayotumia uniti 40 ikihamishia mapishi yote kwenye umeme inaweza kuvuka hiyo 100, na gharama ikawashangaza. Semeni jambo hili wenyewe kabla mpinzani hajalisema. Kisha onyesheni kinachoshusha matumizi: sufuria ya presha ya umeme huivisha kilo ya maharagwe kwa takriban nusu uniti, wakati koili ya kawaida inaweza kula mara tatu au nne ya hiyo. Wali wa nazi, mchuzi wa pweza, mbaazi, nyama ya mifupa: vyote ni kazi ya presha. Chapati na mahamri ni kazi ya induksheni yenye karai la chini bapa.

Hatua ya 2: Jueni sheria inayowapa mlango

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, inazipa kaunti mipango na maendeleo, na ndani yake imetaja nyumba, na usambazaji wa umeme na gesi pamoja na udhibiti wa nishati. Maneno hayo yamo. Yanakilini neno kwa neno, kwa sababu mtu wa kwanza atakayewapinga atasema umeme ni kazi ya Nairobi. Ongezeni Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, inayoipa kaunti mamlaka ya kutoa kibali cha ujenzi na kukiwekea masharti, Sheria ya Nishati ya 2019, inayoitaka kila kaunti iwe na mpango wake wa nishati, na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, inayozitaka kaunti ziingize tabianchi katika mipango yake ya maendeleo.

Halafu someni upande wa hatari. Kifungu cha 191 cha Katiba kinaeleza nini hutokea sheria ya kaunti ikigongana na ya taifa, na kuna Kanuni ya Taifa ya Majengo ya 2024 iliyochukua nafasi ya ile ya 1968. Msiandike sharti linaloingilia kiwango cha kifaa chenyewe, mfano nguvu ya jiko au aina ya mtungi unaouzwa dukani. Hayo ni ya taifa.

Mji wa Berkeley, California, ulijifunza kwa gharama. Mwaka 2019 ulikuwa wa kwanza Marekani kukataza mabomba ya gesi katika majengo mapya. Chama cha wenye mikahawa kikaenda mahakamani, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikasema sheria ya nchi kuhusu matumizi ya nishati ya vifaa inazuia katazo la namna hiyo. Mji ukaifuta. Uholanzi ilipita njia nyingine: tangu tarehe 1 Julai 2018 nyumba mpya huko kwa kawaida haziunganishwi na gesi, na uamuzi ulifanywa na serikali ya nchi yenyewe. Jimbo la Victoria, Australia, lilitumia mlango tunaoupendekeza hapa: tangu tarehe 1 Januari 2024, nyumba mpya inayohitaji kibali cha mipango haipewi gesi.

Hatua ya 3: Ombeni takwimu za kaunti kwa maandishi

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuuliza, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa idara ya ardhi na mipango, Kilifi, na nakala kwa Manispaa ya Malindi. Ulizeni mambo manne tu: (1) vibali vya ujenzi vilivyotolewa kwa mwaka katika miaka 3 iliyopita, kwa kila wadi, (2) vingapi kati yake ni vya nyumba za kupangisha, vya hoteli au nyumba za wageni, na vya nyumba za mtu binafsi, (3) vingapi vilionyesha bomba au tangi la gesi, na (4) iwapo mpango wa nishati wa kaunti umekamilika, nakala yake.

Barua yenye maswali 15 hukaa mezani. Yenye manne hujibiwa. Pelekeni nakala mbili, yenu igongwe muhuri wa kupokelewa na iandikwe tarehe. Muhuri huo utahitajika katika Hatua ya 5.

Wakati mnasubiri, pimeni wenyewe. Tafuteni nyumba 10 zilizo tayari: tatu za Shella, tatu za Barani, mbili za Ganda, mbili za Watamu, au mgawanyo wowote utakaogusa matajiri na wapangaji. Kila nyumba ipewe kipima umeme cha kuchomeka kwenye soketi, na daftari. Waandike kilichopikwa, watu wangapi, uniti ngapi, kwa siku 14. Ramadhani isiingie katikati, maana mapishi hubadilika na namba zitapingwa.

Hatua ya 4: Andikeni sharti lenyewe kama fundi, si kama mwanasiasa

Hapa ndipo makundi mengi huwa mepesi, na hapa ndipo mhandisi wa kaunti atawaheshimu au atawapuuza.

Anzeni na mzigo wa nyumba ya vyumba viwili: jiko la induksheni la sehemu mbili wati 3,500, hita ya maji ya lita 50 wati 1,500, pasi wati 1,500, kiyoyozi kimoja wati 1,000, friji, feni, taa na televisheni wati 500. Jumla wati 8,000. Kwa volti 240 ni ampea 33, vyote vikiwaka kwa pamoja, jambo ambalo ni nadra. Laini ya kawaida ya fezi moja yenye fyuzi ya ampea 60 inatosha na inabaki.

Sasa wekeni ndani yake shawa mbili za kupasha maji papo hapo, kila moja wati 5,500. Mmeongeza ampea 46 kwa mpigo. Jumla imefika 79, fyuzi inaruka, na mpangaji analaumu umeme. Shawa ya papo hapo ndiyo adui wa nyumba ya umeme pwani. Sharti liseme wazi: maji ya moto yatoke kwenye tangi lililofunikwa vizuri lisipoteze joto, au kwenye jua, au kwenye pampu ya joto (mashine inayovuta joto la hewani na kulitia kwenye maji), si kwenye shawa ya papo hapo. Maji ya Malindi tayari yana nyuzi 27 hivi. Kuyafikisha 45 kwa lita 50 kunahitaji uniti 1 tu, na pampu ya joto hufanya kazi hiyo kwa theluthi ya uniti. Kwa hoteli ya vyumba 40 tofauti hiyo ni kubwa mno.

Sharti la majengo ya makaazi linaweza kusomeka hivi:

*"Ramani ya jengo jipya la makaazi haitaidhinishwa isipokuwa ionyeshe: (a) laini ya pekee ya jiko katika kila nyumba, yenye nyaya za shaba zisizopungua milimita za mraba 6 na brekeri ya ampea 32, (b) laini ya pekee ya hita ya maji yenye swichi nje ya bafu, (c) kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30, kwa soketi zote, jiko na hita, (d) nafasi ya paa gumu lisilo la makuti, isiyopungua mita za mraba 10 kwa kila nyumba, au ukubwa ambao paa linaruhusu, kwa ajili ya paneli za jua, na (e) kwamba hakuna bomba la gesi lililojengewa ndani ya kuta, sakafu au ngazi."*

Kila kipengele kina sababu, na mnatakiwa muweze kuieleza bila karatasi. Nyaya za milimita 2.5, ambazo mafundi wengi huvuta kila mahali kwa sababu ni rahisi, hupata joto jiko likichomekwa kwenye soketi ya kawaida pamoja na birika. Plastiki ya soketi huanza kubadilika rangi, kisha kunuka, kisha kuungua. Kuhusu waya wa ardhini: mchanga mkavu na mwamba wa matumbawe havipitishi umeme vizuri, kwa hivyo fimbo moja ya futi 4 iliyopigwa haraka haitoshi. Sharti litake kipimo cha ukinzani kiandikwe kwenye cheti cha fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya taifa ya kudhibiti nishati na petroli. Pasipo kipimo, fimbo ni pambo.

Hewa ya chumvi nayo haisamehi. Sehemu ya nje ya kiyoyozi au ya pampu ya joto ikitazama bahari upande wa kusi hutoboka kutu mapema kuliko muuzaji anavyoahidi. Litajeni hilo: iwekwe upande uliokingwa, koili ziwe na rangi ya kinga, boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Maji ya visima vya ukanda huu ni magumu na mengi yana chumvi. Koili ya hita hujengeka ganda jeupe, inakula umeme zaidi, mwisho inapasuka. Fimbo ya magnesi ndani ya tangi, inayoliwa na kutu badala ya tangi lenyewe, ikaguliwe kila mwaka. Hii si kazi ya sheria, lakini iwekwe kwenye karatasi ya mwongozo ambayo kaunti itampa mwenye jengo pamoja na kibali.

Kwa nyumba za kupangisha zenye ghorofa, ongezeni kifungu cha barua kutoka kampuni ya umeme inayothibitisha kwamba transfoma ya mtaa inamudu. Nyumba 12 zenye wati 8,000 kila moja si kilowati 96 kwa wakati mmoja. Kwa kuwa watu hawapiki wala kuoga dakika ile ile, mhandisi anaweza kukadiria kilowati 40 hivi. Lakini transfoma ya mtaa ikiwa ya kVA 50 na tayari imejaa, ni lazima ijulikane kabla msingi haujachimbwa. Uholanzi leo inapata taabu ya gridi iliyojaa, majengo yakisubiri laini. Malindi isirudie kosa hilo.

Wapeni hoteli na mikahawa muda zaidi. Pendekezo linaloweza kupita ni hili: majengo ya makaazi yaanze miezi 12 baada ya sheria kutangazwa, hoteli na nyumba za wageni zenye vyumba zaidi ya 10 miezi 24, na jikoni za biashara zipewe ruhusa ya gesi kwa kipindi maalumu iwapo zitaonyesha kwa maandishi kazi isiyowezekana kwa umeme. Maji ya moto ya hoteli yasipewe ruhusa hiyo. Hakuna kisingizio cha kiufundi.

Orodhesheni pia vinavyobaki huru: mtungi unaobebwa, upishi wa harusi na matanga uwanjani, tanuri za mikate zilizopo, jenereta ya dharura ya hospitali, na majengo yaliyokwisha kupata kibali. Mtu akiogopa kwamba sufuria ya biriani ya harusi ya bintiye imepigwa marufuku, hatasikia neno lingine lolote mtakalosema.

Lamu mjini kuna jambo moja zaidi. Mji wa kale ni urithi wa dunia tangu 2001, na kutoboa kuta za matumbawe kupitisha nyaya kunahitaji ridhaa ya wahifadhi. Huko sharti litake nyaya zipite ndani ya mifereji ya juu ya ukuta, zisichimbwe ndani ya chokaa, na mita zikae kwenye daka pasipoonekana kutoka njiani. Na kwa kuwa vichochoro havipitishi gari la zima moto, hoja ya kupunguza mitungi huko ina uzito hata kwa asiyejali tabianchi.

Hatua ya 5: Andikeni ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti

Haki ya kupeleka ombi imo katika kifungu cha 37 cha Katiba na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Ombi la Kiswahili linakubalika. Nalo lina umbo lake, na karani wa bunge atalirudisha likikosea.

Juu kabisa liandikwe kwa Bunge la Kaunti ya Kilifi, si kwa gavana wala kwa mwakilishi fulani. Aya ya kwanza itaje nyinyi ni nani. Kisha malalamiko au hoja, kwa namba. Kisha tamko kwamba mmejaribu kulipeleka suala kwa ofisi inayohusika, na majibu yake: hapa ndipo barua yenye muhuri inaambatishwa. Kisha tamko kwamba suala haliko mbele ya mahakama yoyote. Mwisho kabisa, maombi yenyewe:

*"Kwa hivyo tunaliomba Bunge: (1) lijadili na kupitisha Mswada wa Majengo ya Umeme kama ulivyoambatishwa, (2) wakati mswada ukiendelea, liitake idara ya mipango ianze kuweka masharti (a) hadi (e) katika vibali vya nyumba za kupangisha zenye nyumba zaidi ya 4, na (3) liitake idara ya nishati itoe taarifa bungeni ndani ya siku 90."*

Ombi la pili lina thamani kuliko linavyoonekana, kwa sababu halihitaji sheria mpya. Mswada ukichelewa, masharti yanaweza kuanza.

Kila anayesaini aandike jina kamili, namba ya kitambulisho, wadi yake, na saini au dole gumba. Kurasa za saini ziwe na kichwa cha ombi juu yake. Karatasi tupu zenye saini zilizoshonwa baadaye hukataliwa, na ni haki. Pasiwe na kufuta wala kuandika juu ya maneno. Saini 300 kutoka wadi 8 zina nguvu kuliko 3,000 kutoka mtaa mmoja, kwa sababu kila mwakilishi hutafuta wadi yake kwanza. Kumbukeni Malindi, Watamu na Mambrui ziko katika maeneo bunge matatu tofauti.

Mswada wenyewe uandikwe na wakili, kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ambayo ofisi ya mwanasheria wa kaunti itaufanyia kazi. Mwambieni asiingize ndani yake kodi wala matumizi ya pesa za kaunti. Kifungu cha pesa huugeuza kuwa mswada wa fedha, na hapo hausogei bila pendekezo la kamati husika baada ya kumsikiliza waziri wa fedha wa kaunti.

Hatua ya 6: Pelekeni, na mfuatilie kila wiki

Watu wa Malindi wana bahati ya kijiografia: Bunge la Kaunti ya Kilifi linakaa Malindi, ingawa makao ya gavana yako Kilifi. Pelekeni nakala mbili kwa karani, mpate namba ya kumbukumbu. Spika hulipeleka kwenye kamati, na kwa kawaida kamati ina siku 60 za kujibu. Mkinyamaza siku 60, nayo itanyamaza.

Ndani ya wiki mbili za kwanza, onaneni na mwenyekiti wa kamati, na wawakilishi wa wadi zile zenye saini. Waheshimiwa hupokea wageni wengi wenye shida za karo na hospitali. Nendeni watu watatu, si ishirini, mkae dakika 15, mwache karatasi moja yenye jedwali la mtungi na uniti. Mmoja wenu awe fundi wa umeme. Mwingine awe mama anayepikia umeme na mwenye daftari lake la siku 14. Daftari hilo huuzima mjadala wa "haiwezekani" kwa haraka kuliko mtaalamu yeyote.

Pitieni pia kamati za wadi za mabadiliko ya tabianchi zilizoundwa chini ya FLLoCA, mpango wa kugharamia hatua za tabianchi zinazoongozwa na wananchi mashinani. Zikiliandika suala lenu kwenye vipaumbele vyake, linaingia kaunti kwa mlango wa pili, wenye pesa.

Hatua ya 7: Kikao cha umma

Msikitazame kikao hiki kama desturi tu. Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa Kwasasi, Lamu, ilifutwa na Baraza la Taifa la Rufaa za Mazingira tarehe 26 Juni 2019, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Kilichowaokoa Lamu siku ile kinaweza kuwaangusha nyinyi: sheria njema iliyopitishwa bila kuwasikiliza wenye nyumba za kupangisha, wauza gesi na wavuvi itapingwa mahakamani na kuanguka. Waiteni wenyewe. Hakikisheni tangazo limetoka mapema, kwa Kiswahili na Kigiriama redioni, na kwamba kikao hakiko Ijumaa mchana.

Maswali haya yatakuja, kila mara:

Stima ikipotea? Ni kweli hupotea, wakati mwingine nchi nzima. Jibu ni kwamba mtungi mdogo wa akiba haukatazwi. Mwambieni pia muulizaji kwamba pampu ya maji na friji yake tayari zinategemea stima hiyo hiyo.

Gridi itatosha? Kilele cha matumizi nchini kimepita megawati 2,300, na kinakuja jioni, hasa saa 12 hadi saa 4 usiku, wakati ule ule wa kupika chajio. Msilikwepe hili. Ndiyo sababu sharti litake pia matangi ya maji yenye saa ya kujiwasha mchana jua likiwa kali, pamoja na ile nafasi ya paneli paani. Kilowati 1 ya paneli pwani hutoa takriban uniti 4 kwa siku. Maji yaliyopashwa saa 7 mchana bado ni moto jioni.

Muuza gesi ataishije? Mitungi inabaki, na majengo ya zamani ndiyo mengi. Duka lake lina miaka ya kujipanga, na anaweza kuuza majiko ya induksheni na presha akiwa na wateja anaowajua tayari. Msimwahidi zaidi ya hapo.

Gharama ya ujenzi? Leteni makadirio mawili ya fundi kwa ramani moja: nyaya za kawaida pamoja na mabomba ya gesi, na nyaya za sharti lenu bila mabomba. Nyaya nene zinaongeza, mabomba na kibanda cha tangi vinaondoka. Kubadilisha nyaya baada ya plasta kukauka ndiko kunakoumiza mfuko.

Mbona sheria ya zamani ya jua ilishindwa? Kanuni za kitaifa za 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yaweke hita za jua, na zikafutwa baadaye. Muulizaji huyu anajua kazi yake, mpeni heshima. Mwonyesheni kwamba sharti lenu halimfuati mwenye nyumba baada ya kujenga. Linakaguliwa kwenye ramani na kwenye cheti cha fundi kabla ya jengo kuruhusiwa kukaliwa.

Hatua ya 8: Tazameni kalenda ya pesa

Sheria isiyo na mkaguzi ni kutwanga maji kwenye kinu. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Hapo ombeni mafunzo ya wakaguzi wawili wa umeme kwa Manispaa ya Malindi. Waraka wa mkakati wa fedha hufika kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti tarehe 30 Aprili. Mkija Mei mmechelewa mwaka mzima.

Motisha ziende kwenye Mswada wa Fedha wa kaunti, mbali na mswada wenu: punguzo la ada ya kibali kwa ramani ya umeme pekee yenye paneli. Wenye nyumba za kupangisha hubadilisha msimamo kwa punguzo dogo kuliko kwa hotuba ndefu.

Mswada usiopita kabla ya bunge kumaliza muda wake hufa nalo. Ukibaki mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, wekeni nguvu zote kwenye lile ombi la pili, la masharti ya vibali.

Hatua ya 9: Ukishapita

Gavana ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha kwa maelezo. Ukirudishwa, someni maelezo hayo kwa makini. Mara nyingi ni kifungu kimoja, na mnaweza kukirekebisha badala ya kupigania mswada wote. Baada ya kuchapishwa kwenye gazeti rasmi, sheria huanza siku ya 14 isipokuwa yenyewe imetaja tarehe nyingine, na yenu imetaja.

Miezi 6 baada ya tarehe ya kuanza, rudini na barua ile ile ya maswali manne. Chagueni vibali 5 kutoka kwenye jibu, mwombeni mwenye jengo ruhusa, mwende na fundi mwenye kipima nyaya. Tazameni laini ya jiko kabla ya vifuniko vya soketi kufungwa. Mkikuta milimita 2.5 mahali palipochorwa 6, pigeni picha ya maandishi yaliyo kwenye ganda la waya, muandike namba ya kibali, mpeleke kwa mkaguzi wa manispaa siku hiyo hiyo, kabla fundi wa plasta hajafika.